Namba ni ya kocha, mshahara ni wako

SWALI

Shikamoo kocha. Mimi ni kipa, nina miaka 24, nachezea klabu moja ya Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, huku Kanda ya Kati. Msimu uliopita nilidaka karibu mechi zote, na msimu huu nilikuwa namba moja mpaka dirisha dogo la usajili. Wakaleta kipa wa mkopo kutoka Ligi Kuu. Mechi iliyofuata nikafungwa mawili: krosi niliyoitema, na shuti la chini lililonipita tumboni. Tangu siku hiyo nasugua benchi, sasa mechi ya saba, na kocha mkuu hajaniambia neno. Kuna kiongozi alitamka mbele ya wenzangu kwamba yale mabao "yana harufu". Mishahara ya miezi miwili haijaingia. Nikapandisha status WhatsApp, nikajitoa kwenye grupu la timu, na kocha wa makipa aliponiambia nimpashe mwenzangu nikamjibu mimi si mtoto wa kuokota mipira. Meneja wangu anasema niache kwenda mazoezini, watanichoka waniachie. Mtaani Dodoma wanasema sina nidhamu. Kocha, kati yangu na klabu, nani si profesheno?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Wote wawili. Ila makosa yenu hayafanani, na wewe umeyafunga mzigo mmoja. Unadai vitu viwili tofauti: namba na mshahara. Namba ni ya kocha. Haikuwahi kuwa yako, hata msimu ule uliodaka mechi zote. Mshahara ni wako tangu siku ulipotimiza mwezi wa kazi, na klabu haina hiari juu yake. Wewe umegeuza: namba unaidai kwa ubabe kana kwamba ni deni, na deni unalidai kwa kununa kana kwamba ni fadhila. Ukiendelea hivyo utakosa vyote viwili.

Tuanze na namba, maana nimeona ndiyo inayokuuma zaidi.

Sikulaumu kwa kuumia. Kipa akiwekwa benchi huumia kuliko mchezaji mwingine yeyote. Winga aliyetolewa kikosi cha kwanza ataingia dakika ya 65, atakimbia, atapiga krosi mbili, jioni atalala amecheza. Kocha ana nafasi tano za kubadilisha wachezaji, na hakuna anayotenga kwa ajili ya kipa ila pakitokea balaa. Ukikaa, umekaa dakika 90, na wiki ijayo tena. Halafu makocha hawapendi kubadili kipa mara kwa mara. Mabeki huzoea sauti moja. Wanajua huyu akiita mpira anautokea kweli, yule hubaki kwenye mstari. Kocha akishabadili, atasimama na uamuzi wake hata kama kipa mpya hakuzidi kwa kitu, mpaka huyo mpya avurunde, aumie au aonyeshwe kadi. Kwa hiyo mechi saba si hukumu juu ya uwezo wako. Ndivyo nafasi yetu ilivyo, na aliyevaa glovu anatakiwa alijue hilo mapema.

Lakini kuna jambo umelipita mbio kwenye ujumbe wako: yale mabao mawili. Umeyataja kwa sentensi moja, kisha ukakimbilia kwa kocha, kwa kiongozi, kwa watu wa mtaani. Mimi nimesimama hapo hapo. Mechi ya kwanza baada ya dirisha dogo maana yake ni masika ya huku kwetu. Wewe unaijua Dodoma. Agosti uwanja ni mkavu, mpira unadunda juu na upepo unaupeleka unakotaka. Mvua zikishaanza Desemba, mpaka Aprili huo ni uwanja mwingine kabisa: nyasi zimelowa, mpira ukigusa chini unateleza na kuongeza kasi, na glovu zilizochakaa hazishiki kitu. Kipa anayedaka Januari kama alivyodaka Agosti atafungwa mabao hayo hayo. Krosi ya mpira uliolowa, kwenye msitu wa watu, hupigwa ngumi mbili kuelekea pembeni. Haidakwi kwa ajili ya picha. Shuti la chini linalokujia mwilini, mikono inashuka kwanza, kifua kinafuata, na goti linafunga mlango nyuma ya mikono. Haya si mageni kwako. Swali ni kama umeyafanyia kazi tangu siku ile, au umekuwa unafanyia kazi hasira. Kama ni hasira, kocha ana kila sababu ya kuendelea kukuacha nje.

Hata hivyo amekosea kukaa kimya. Kocha anayemtoa kipa wake wa msimu mzima anapaswa kumwita kabla kikosi hakijatajwa, wakae wawili, hata kwa dakika tatu, amwambie sababu. Wengi hawafanyi. Kuna wanaoona aibu, na kuna wanaodhani kununa ndiyo mamlaka. Ni udhaifu wa ukocha wetu, sitautetea. Ila ukimya wake haukupi likizo.

Umemwambia kocha wa makipa wewe si mtoto wa kuokota mipira. Hilo, katika yote uliyoyaandika, ndilo lililonisikitisha. Chukua mkataba wako usome upya. Hutaona kifungu kinachosema utaanza. Utaona kwamba utahudhuria mazoezi, utatunza mwili wako, utafuata maelekezo ya benchi la ufundi. Klabu imenunua utayari wako, na utayari ni kazi yenye jasho lake.

Fikiria kipa namba mbili anafanya nini siku ya mechi. Mipira ya kwanza anayoigusa kipa anayeanza inatoka mguuni kwako. Ukimpigia ovyo, anaingia uwanjani mikono haijaamka. Ukimpigia kwa mpangilio, za chini, za kifuani, kisha krosi, umeshaokoa bao kabla ya filimbi. Wapinzani wanapopasha, wewe ndiye mwenye macho ya bure. Nani anapiga kona zinazoingia ndani? Mpigaji wao wa penalti anapenda upande gani? Upepo leo unasukuma kuelekea goli lipi? Kuna na hii sheria iliyoingia msimu wa 2025/26: kipa akishika mpira mkononi zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapewa kona, na mwamuzi anahesabu tano za mwisho kwa kuinua mkono. Mnaongoza moja bila dakika ya 88, kipa wenu ameukumbatia mpira anatafuta pumzi. Nani atampigia kelele kabla ya mwamuzi? Mtu wa benchi anayejua ukipa, na huyo ni wewe.

Na wakati wote huo mwili wako mwenyewe lazima uwe moto. Mwenzako akitolewa kwa nyekundu kwa faulo ya ndani ya boksi, atatolewa mchezaji mmoja wa ndani, wewe utavua tisheti, na mpira wako wa kwanza wa siku hiyo ni penalti. Straika akiingia ana dakika kumi za kuzoea mchezo. Wewe unaanza na tuta.

Ally Salim analijua hili. Aprili 2023, pale Simba, mbele yake walikuwapo Aishi Manula na Beno Kakolanya. Manula akaumia, Beno akakosekana, na kipa wa tatu akajikuta golini dhidi ya Yanga Aprili 16. Simba ikashinda 2-0. Kabla mwezi haujaisha alikuwa anadaka robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Wydad Casablanca. Agosti 13 mwaka huo huo, Mkwakwani, Tanga, akapangua penalti tatu za Yanga na Simba ikabeba Ngao ya Jamii. Sidhani kama kuna mtu alimpigia simu mwezi Machi kumwambia ajiandae. Manula aliporudi baada ya miezi ya kuuguza jeraha, akaanzishwa dhidi ya Yanga Novemba 5, na kipigo cha 5-1 walichopata Simba unakikumbuka. Sisemi Manula ni mbovu. Ni mmoja wa makipa bora tuliowahi kuwa nao. Nasema jina halidaki. Hata yeye alihitaji mechi za kumrudisha taratibu.

Ukitaka kujua kipa wa akiba ana thamani gani, waulize Wakomoro. Januari 24, 2022, hatua ya 16 bora ya AFCON, wanacheza na wenyeji Kameruni, makipa wao watatu hakuna hata mmoja: mmoja ameumia, wawili wamezuiwa kwa sababu ya UVIKO-19. Beki wa kushoto, Chaker Alhadhur, akavaa glovu akadaka dakika 90. Walifungwa 2-1 tu, na Afrika nzima ikampigia makofi. Lakini hakuna kocha anayetaka kulala na wasiwasi wa namna hiyo.

Sasa nikupe mfano wa mtu aliyefanya vibaya kuliko wewe, maana naona unajiona umeshaharibu kila kitu. Kepa Arrizabalaga, Mhispania, alinunuliwa na Chelsea mwaka 2018 akawa kipa ghali kuliko wote duniani. Februari 24, 2019, fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, penalti zinanukia, kocha Maurizio Sarri anamwinulia ubao atoke aingie Willy Caballero. Akagoma kutoka. Mbele ya dunia nzima. Chelsea ikapoteza kwa penalti, klabu ikamkata mshahara wa wiki, na mechi iliyofuata Caballero akaanza. Mwaka 2020 akaletwa Édouard Mendy, Kepa akawa wa benchi kabisa. Pale angeweza kuvimba mpaka aondoke. Lakini Agosti 11, 2021, Belfast, fainali ya Super Cup ya Ulaya dhidi ya Villarreal, dakika ya 119 kocha Thomas Tuchel akamtoa Mendy, akamwingiza yeye kwa ajili ya penalti peke yake. Akapangua mbili, kombe likaenda Chelsea. Aliyegoma kutoka ndiye aliyekubali kuingia kwa dakika moja. Na angalia upande wa pili: Mendy, kipa bingwa wa Ulaya, alitoka bila kelele.

Kwa hiyo kabla ya mambo mengine yote, nenda kwa kocha wa makipa. Usimtumie ujumbe, nenda. Mwambie, "Kocha, lile jibu langu halikuwa la adabu, naomba radhi, kesho nampasha mwenzangu." Basi. Usiongeze "lakini". Sisi makocha wa makipa ni watu wa ajabu kidogo, tunasahau matusi ya mechi tano ila hatusahau kipa aliyekataa kupiga mpira. Na kuna jambo makipa vijana hawalijui: kocha mkuu akitaka kubadili kipa, mtu wa kwanza anayemuuliza ni huyo uliyemjibu vibaya. Anauliza, "Yule vipi, yuko tayari?" Jibu la swali hilo linaandikwa Jumanne na Jumatano, kwenye koni, wakati hakuna shabiki.

Huyo mwenzako naye usimfanye adui. Kwanza hakujisajili mwenyewe. Pili, umeandika ni wa mkopo, na sijui kama umelipigia hesabu. Mkopo ukiisha, mwisho wa msimu atarudi kwao. Klabu itabaki na nani? Itabaki na wewe mwenye jina la kuwa mvumilivu na fiti, au na wewe mwenye jina la kususa, na hapo itasajili mwingine. Kipa aliyetoka Ligi Kuu ana vitu: anavyojipanga kwenye faulo, anavyoanzisha mpira kwa mguu, anavyopanga ukuta. Mtazame kwa jicho la kuiba. Miezi hiyo unapewa darasa bila ada.

Status ifute leo. Najua uliiweka usiku ukiwa umechemka, na najua haikutaja jina la mtu. Haijalishi, picha ya skrini ilishafika kwa katibu kabla hujalala. Dodoma imekuwa jiji, makao makuu ya nchi, lakini kwa mpira bado ni mtaa mmoja. Ukila kuku pale Chako ni Chako, meza ya pili yuko kocha wa timu nyingine, ya tatu yuko mtu wa DOREFA, chama cha soka cha mkoa, na anayekuletea ndizi alikuwa beki wa kulia wa timu ya mkoa. Ukimsema kocha wako Majengo saa nne asubuhi, jioni Nkuhungu wanajadili. Klabu nyingine inayokutaka hapa Kanda ya Kati haitauliza kwanza ulidaka mechi ngapi. Itauliza ulipowekwa benchi ulifanya nini, na tayari wapo wa kuwajibu. Grupu la timu pia rudi, mwombe meneja wa timu akuongeze. Ratiba ya mazoezi na safari inatolewa humo. Usipokuwamo, siku muda umebadilishwa utafika umechelewa, na atakayeandikwa mtoro ni wewe.

Kuhusu yule kiongozi na "harufu" yake, hapo niko upande wako moja kwa moja. Katika soka letu straika akikosa goli tupu ana bahati mbaya, kipa akitema krosi ameuza mechi. Ni tuhuma nzito mno kutamkwa kwa mzaha, kwa sababu kupanga matokeo kunaweza kumfungia mtu soka maisha. Usilijibu kwenye simu. Omba kuonana na katibu wa klabu, mkiwa na nahodha kama shahidi, useme: kama kuna ushahidi upelekwe kwenye vyombo vya maadili vya TFF, shirikisho letu la soka, na kama haupo, kauli ifutwe mbele ya wale wale walioisikia. Kisha nyamaza. Na jikague mwenyewe. Kama kwenye simu yako kuna programu ya kubeti soka, hata kwa mkeka wa shilingi elfu moja wa ligi ya Ulaya, iondoe. Kanuni za maadili za FIFA zinamkataza mchezaji kubeti soka, na siku ya tuhuma simu yako ndiyo itakayokuwa shahidi wa kwanza dhidi yako.

Baada ya hapo ndipo uende kwa kocha mkuu. Usiende siku ya mechi wala siku moja baada ya kufungwa. Jumanne baada ya mazoezi inatosha. Usiende na meneja. Usianze na "kwa nini sichezi", kwa sababu swali hilo linamlazimisha ajitetee, na mtu anayejitetea hasemi ukweli. Muulize, "Kocha, unataka kuona nini kwangu ili unifikirie?" Usimtaje mwenzako hata mara moja. Akikuambia krosi, unaondoka na kazi ya krosi. Akikuambia "fanya mazoezi tu", nalo ni jibu, linamaanisha hana mpango na wewe kwa sasa, na umelijua bila kelele. Kitu kingine: mshahara usiutaje ndani ya chumba hicho. Pengine kocha naye anadai miezi mitatu.

Nimeona makipa wenye hali yako wakianza kupigiwa simu za ndondo, zile mechi za mtaani. Jumapili, kiwanja cha vumbi, mpambe ana noti mkononi, dau la kudaka mechi moja linakaribia nusu ya mshahara ambao klabu haijalipa. Naelewa kishawishi, njaa haina mkataba. Lakini ukivunjika kidole kule, hakuna atakayekutibu, na klabu yako itakuwa imepata sababu iliyokuwa inaitafuta.

Sasa meneja wako. Ushauri wa kuacha mazoezi ni mbovu, na ningependa ujue kama ana leseni ya uwakala ya FIFA au ni mtu tu mwenye namba nyingi za simu. Ukiacha kwenda mazoezini, siku hiyo hiyo mwenye kosa kwenye makaratasi anakuwa wewe. Kanuni za utendaji bora wa ajira nchini, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinataja utoro wa zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa kati ya makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu kazi. Na upande wa soka tuna mfano ambao nchi nzima iliufuatilia. Feisal Salum aliondoka Yanga Desemba 2022 akiamini ameshavunja mkataba. Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Akakaa nje nusu msimu, mpaka klabu zilipoelewana akaenda Azam mwezi Juni. Yule ni Fei Toto, kiungo wa Taifa Stars, mwenye jina na soko. Wewe nusu msimu nje ya uwanja, nani atakukumbuka?

Kuondoka si dhambi. Ondoka tu kwa mlango. Kanuni za FIFA zina kipengele, Kifungu cha 15, kinachomruhusu mchezaji aliyekwishakomaa kisoka kuvunja mkataba kama msimu mzima ameshiriki chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi za klabu. Anatakiwa afanye hivyo ndani ya siku 15 baada ya mechi ya mwisho ya msimu, na bado anaweza kudaiwa fidia. Kwako hakitumiki. Ligi ya timu 16 ina mechi 30, asilimia 10 ni mechi tatu, na wewe umeshadaka karibu mzunguko mzima wa kwanza. Kwa kipa aliyesajiliwa akijua ni wa akiba ni kigumu zaidi, kwani mazingira ya mchezaji huangaliwa. Njia zako ni mbili: kuomba mkopo dirisha litakapofunguka, au kusubiri miezi sita ya mwisho ya mkataba, ambapo unaruhusiwa kuzungumza na klabu nyingine waziwazi.

Na usiogope kushuka. Juma Kaseja mwaka 2003 alikuwa golini Simba ilipowatoa Zamalek, mabingwa wa Afrika, kwa penalti kule Cairo. Miaka ikapita, akaenda Mbeya City, Kagera Sugar, kisha KMC, na Taifa Stars ikamsahau. Wengi walishamwandikia tanzia ya soka. Agosti 4, 2019, Kasarani, Nairobi, kufuzu CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, Kenya ikatolewa kwa penalti 4-1, na kipa wa Tanzania alikuwa Kaseja wa KMC mwenye miaka 34. Septemba akasimama tena kwenye penalti dhidi ya Burundi, safari hii kufuzu Kombe la Dunia, Tanzania ikapita. Huwezi kuitwa ghafla ukiwa na miaka 34 kama miaka yote ya kusahauliwa ulikuwa unasusa mazoezi. Wewe una 24. Kwa kipa, hiyo ni asubuhi.

Umebaki mshahara. Kwenye namba watu watakuambia mvumilivu hula mbivu, wasikilize. Kwenye mshahara wakikuambia hivyo, usiwasikilize. Klabu inayokaa miezi miwili bila kulipa imevunja mkataba, iwe inakuchezesha au haikuchezeshi, na kudai haki yako kwa utaratibu si utovu wa nidhamu. Tena kipa wa benchi ana mshahara ule ule alioandikiwa. Anachokosa kihalali ni bonasi za mechi tu, kama mkataba unasema hivyo.

Utaratibu wenyewe una umbo linalojulikana. Kanuni za FIFA, Kifungu cha 14bis, zinasema mchezaji asipolipwa walau mishahara miwili ya mwezi, ana sababu ya haki ya kuvunja mkataba, ilimradi ameiandikia klabu kuidai na kuipa siku zisizopungua 15 za kulipa. Kwa kuwa wewe ni Mtanzania na klabu ni ya Tanzania, shauri lako litaanzia TFF, kwenye kamati ile ile ya Sheria na Hadhi za Wachezaji, kwa hiyo soma mkataba wako na kanuni za hapa uone zinasemaje kuhusu muda. Lakini barua ya madai ni msingi kote. Bila barua, miezi yako miwili ni malalamiko. Ukiwa nayo, ni deni lenye tarehe.

Iandike kwa nusu ukurasa. Taja mkataba wako na tarehe ulipoanza, miezi isiyolipwa, kiasi cha kila mwezi, na siku 15 unazotoa. Usimtaje kocha, usitaje benchi, usitaje "harufu", usitaje uchungu wako. Endelea na mazoezi kila siku ya hizo 15 na hakikisha jina lako lipo kwenye mahudhurio, kwani klabu ikikosa fedha hutafuta utoro. Mwanasheria mmoja mwenye kuijua michezo aipitie kabla hujaisaini. Utamlipa kiasi kidogo kuliko asilimia ya meneja. Kisha ipeleke kwa katibu mwenyewe, mkononi. Akikuambia "acha hapo mezani nitampa mwenyekiti", subiri kwanza agonge muhuri na kuandika tarehe kwenye nakala yako.